Wenye Mashamba na Ulinzi wa Mto: Historia ya Kingo za Buffalo (Arkansas), 1938–2023

0. Utangulizi

Historia ya ulinzi wa mito huandikwa mara nyingi kana kwamba ina pande mbili tu: upande wa wale wanaotaka kuutumia mto na upande wa wale wanaotaka kuuhifadhi. Katika masimulizi ya namna hiyo, mtu mwenye shamba kandokando ya maji huonekana kwa nadra. Akitajwa, hutajwa kama kizuizi, yaani mtu asiyeona mbali kuliko uzio wa shamba lake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba picha hiyo ni pungufu. Mfano uliochaguliwa ni Mto Buffalo, ulio kaskazini mwa jimbo la Arkansas, nchini Marekani. Huo ndio mto wa kwanza nchini humo kupewa jina la «Mto wa Taifa», mwaka 1972. Wenye mashamba wa huko walikuwa na msimamo wao kuhusu mto. Msimamo huo ulikuwa na sababu, nao ulibadilika kufuatana na jinsi walivyotendewa.

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe, yafaa kutofautisha maneno mawili ya Kiswahili. «Mwenye» ni yule aliye na kitu; «mwenyeji» ni yule aliye na mji, maana neno lenyewe limeungwa kutokana na «mwenye» na «mji». Mtu aweza kuwa mwenye shamba bila ya kuwa mwenyeji, kama vile tajiri wa mbali aliyenunua ukingo wa mto ili aje kupumzika siku za joto. Vilevile aweza kuwa mwenyeji bila ya kuwa na hati yoyote. Sheria humtambua yule wa kwanza na kumlipa. Yule wa pili haimwoni. Tofauti hiyo ndogo ya maneno itasaidia kueleza mengi katika kurasa zifuatazo.

1. Bonde na watu wake

Mto Buffalo huanza katika milima ya Ozark, hutiririka kuelekea mashariki kwa muda wa kilomita 240 hivi, ukipitia wilaya za Newton, Searcy na Marion, kisha huingia katika Mto White. Hupita chini ya majabali marefu ya mawe ya chokaa. Bonde lake ni jembamba, na ardhi inayofaa kulimwa ni ile mikanda ya udongo wa mafuriko iliyo kandokando ya maji. Juu ya mikanda hiyo kuna miteremko mikali yenye mawe na msitu. Kwa hiyo, mkulima aliyekosa ukingo alikosa shamba. Familia nyingi zilikaa hapo tangu karne ya 19, zikilima mahindi, zikichunga ng'ombe, zikikata nyasi za akiba kwa ajili ya majira ya baridi.

Uhusiano wa kisheria kati ya watu hao na ardhi yao ni tofauti na ule ujulikanao Kongo. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 hutamka kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake, na kwamba mtu binafsi hupewa haki ya kuitumia tu. Katika Arkansas, mtu binafsi huimiliki ardhi yenyewe, huiuza na huirithisha. Tena, kwa mujibu wa kanuni za huko, ikiwa mto hauwezi kupitika kwa vyombo, yule anayemiliki kingo zote mbili humiliki hata kitanda cha mto. Mkulima wa Buffalo aliposema «mto wangu», hakuwa akisema kwa mapenzi tu; aliamini kwamba anasema sheria.

2. Tishio la mabwawa

Mwaka 1938 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia mafuriko, ambayo ilifungua mlango wa kujengwa mabwawa makubwa katika bonde la Mto White na matawi yake. Kazi hiyo ilikabidhiwa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Bwawa la Norfork lilikamilika mwaka 1944, lile la Bull Shoals mwaka 1951. Mabwawa hayo yalileta umeme, yakapunguza mafuriko, yakavuta wavuvi na wageni. Lakini maji yake yalifunika mashamba yaliyo bora kuliko yote, yaani yale ya chini kandokando ya mto. Watu wa Buffalo waliyaona hayo kwa majirani zao.

Katika mpango wa wahandisi, Buffalo nao ulitazamiwa kuzuiwa mahali pawili: karibu na kijiji cha Gilbert, na Lone Rock, karibu na mdomo wa mto. Wafanyabiashara wa miji midogo waliupokea mpango huo kwa furaha. Katika mji wa Marshall, mchapishaji wa gazeti James Tudor alianzisha chama cha kutetea mabwawa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wilaya ilikuwa maskini, vijana walikuwa wakihama, na ziwa lingeleta fedha.

Upande wa pili uliundwa mwaka 1962, wakati daktari Neil Compton wa mji wa Bentonville na wenzake walipoanzisha chama cha Ozark Society. Mwaka huohuo William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alishuka mto huo kwa mtumbwi, na habari zake zikaenea nchini. Idara ya Hifadhi za Taifa ilikuwa imekwisha kuanza kuuchunguza mto kwa maombi ya seneta J. William Fulbright, nayo ilishauri ulindwe kama mto wa taifa.

3. Upande wa tatu

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa wa pande tatu. Wenye mashamba wengi walipinga bwawa, kwa kuwa bwawa lingezamisha ardhi yao. Lakini walipinga pia hifadhi, kwa kuwa hifadhi ingeinunua ardhi hiyohiyo, kwa hiari au kwa nguvu ya sheria. Kwao, tofauti kati ya kufukuzwa na maji na kufukuzwa na hati ilikuwa ndogo. Waliunda chama chao cha wenye ardhi na kutuma wajumbe wao mbele ya kamati za Bunge.

Hoja zao zilikuwa tatu. Kwanza, walisema kwamba ikiwa mto ungali mzuri baada ya miaka zaidi ya mia moja ya kilimo, basi wakulima ndio walioutunza. Kwa nini waadhibiwe kwa ajili ya utunzaji wao wenyewe? Pili, walisema kwamba wale waliosifu uzuri wa mto walikuwa watu wa miji, waliokuja Jumamosi na kuondoka Jumapili, ambao hawakuwa na kitu cha kupoteza. Tatu, walidai kwamba fidia hulipa hekta na nyumba, lakini hailipi makaburi ya wazee, kanisa, wala ujirani.

Hoja ya kwanza yafaa kupimwa kwa uangalifu, maana si kweli yote. Misitu ya Ozark ilikatwa sana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na miteremko iliyolimwa ilipoteza udongo. Uzuri ambao wageni waliusifu katika miaka ya 1960 ulitokana kwa sehemu na umaskini na kuhama kwa watu, mambo yaliyoipa misitu nafasi ya kumea tena. Hata hivyo, hoja hiyo ilikuwa na ukweli mmoja usiokanushika: hakuna mkulima aliyekuwa ameweka ukuta mbele ya mto.

Uchungu ulipozidi, baadhi ya watu waliacha maneno. Inasimuliwa kwamba katikati ya miaka ya 1960 miti iliangushwa kukatisha mto na waya wa miiba ukatandwa juu ya maji ili kuwazuia wapiga makasia. Matendo hayo yaliwaharibia sifa. Katika magazeti ya miji, mwenye shamba akawa adui wa mto, ingawa yeye na mpiga makasia walikuwa wakilipinga bwawa lilelile.

Mwezi wa Desemba 1965 gavana Orval Faubus, ambaye mwenyewe alizaliwa katika milima hiyo, aliwaandikia wahandisi barua ya kulikataa bwawa. Bila ya kibali cha gavana, mpango ulikwama. Mwaka 1966 mbunge James Trimble, aliyekuwa mtetezi wa mabwawa, alishindwa katika uchaguzi na John Paul Hammerschmidt. Njia ya hifadhi ikawa wazi, na wenye mashamba wakabaki peke yao.

4. Sheria ya 1972 na utekelezaji wake

Tarehe 1 Machi 1972, miaka mia moja kamili baada ya kuundwa kwa hifadhi ya Yellowstone, Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya kuunda Mto wa Taifa wa Buffalo. Kilomita 217 za mto, pamoja na ardhi ya hekta 38,000 hivi, ziliwekwa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa.

Ni vyema kulinganisha sheria hiyo na ile ya Mito ya Asili na ya Mandhari, iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 2 Oktoba 1968. Sheria ya 1968 ilikuwa imejiwekea mipaka. Pale ambapo nusu au zaidi ya ardhi ya kando ya mto ilikuwa tayari mali ya umma, serikali haikuruhusiwa kutwaa ardhi yenyewe kwa nguvu. Tena iliweza kununua «haki ya mandhari» tu, yaani mkataba ambao kwa huo mwenye shamba hubaki na shamba lake lakini huahidi kutokata miti ya ukingoni wala kujenga hoteli. Sheria ya Buffalo nayo haikukosa huruma: mwenye nyumba aliyeuza aliweza kuendelea kukaa kwa muda usiozidi miaka 25, au mpaka kufa kwake yeye na mwenzi wake. Lakini shabaha yake hasa ilikuwa kuifanya ardhi iwe ya umma.

Katika utekelezaji, hiari na nguvu vilichanganyika. Wapo waliouza kwa moyo mmoja, hasa wale waliokuwa wenye ardhi bila ya kuwa wenyeji. Wapo waliouza kwa kuambiwa kwamba wasipouza, mahakama itaamua bei. Wapo walioikubali haki ya kukaa mpaka kufa, kisha wakaona kwamba kukaa katika bonde ambalo majirani wote wamehama si kukaa. Katika sehemu ya juu ya mto, karibu na kijito cha Sneed, ingali ipo nyumba ya mbao ya mwanamke mzee aliyeishi hapo peke yake na mifugo yake, akaondoka katika miaka ya 1970 baada ya ardhi kuwa ya hifadhi, akafa baada ya muda mfupi. Wageni hupita na kuipiga picha. Kwa wenyeji, nyumba hiyo ni ushahidi.

5. Boxley: kosa linalorekebishwa

Bonde la Boxley, lililo kwenye sehemu ya juu ya mto, lilikuwa limekusudiwa tangu mwanzo kubaki na wakulima wake. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 mashamba mengi ya hapo yalinunuliwa. Yalipokosa mkulima, nyasi ziligeuka vichaka, uzio ukaanguka, na maghala yakaanza kuoza. Ikadhihirika kwamba mandhari ambayo sheria ilitaka kuihifadhi haikuwa kazi ya maumbile peke yake. Ilikuwa pia kazi ya mundu na ng'ombe.

Mwaka 1985 Idara ya Hifadhi ilitoa mpango mpya wa matumizi ya ardhi kwa ajili ya Boxley. Mpango huo ulikubali kwamba kilimo na makao ya watu ni sehemu ya kile kinacholindwa. Baadhi ya mashamba yalibaki mikononi mwa watu binafsi chini ya mikataba ya vizuizi, mengine yakalimwa kwa kukodishwa. Mwaka 1987 bonde liliandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Hivyo, miaka 15 baada ya sheria, serikali ilikuja kusema jambo lilelile ambalo wenye mashamba walikuwa wamelisema mbele ya kamati: kwamba wao pia ni sehemu ya mto.

Amani haikuwa kamili. Kati ya mwaka 1981 na 1985 jimbo lilileta wapiti 112, yaani aina ya kulungu wakubwa, kutoka Colorado na Nebraska. Wanyama hao waliongezeka, wakavuta watalii wengi katika barabara ya Boxley, wakala pia nyasi zilizotunzwa kwa ajili ya ng'ombe.

Katika miaka hiyohiyo haki ya wenye kingo ilipunguzwa mahakamani. Mwaka 1980, katika kesi iliyohusu Mto Mulberry, ulio katika milima hiyohiyo ya Ozark, familia iliyomiliki ardhi kandokando ya mto ilidai kwamba kitanda chake ni mali yake na kwamba wapiga makasia ni wavamizi. Mahakama ya Juu ya Arkansas ilikataa. Ilisema kwamba mto unaoweza kubeba mitumbwi ya burudani kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mto unaopitika, kwa hiyo ni njia ya umma. Lile neno «mto wangu» likapoteza nguvu yake ya kisheria. Likabaki na nguvu ya moyoni.

6. Maji hayajui mpaka

Sheria ya 1972 ililinda ukanda mwembamba kandokando ya mto. Lakini maji ya Buffalo hukusanywa kutoka eneo la kilomita za mraba 3,470 hivi, na hifadhi inamiliki kama asilimia 11 tu ya eneo hilo. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni mali ya watu binafsi: malisho, misitu, vijiji. Tena miamba ya chokaa ina mapango na nyufa, hata maji yanayozama katika shamba moja yaweza kuibuka katika chemchemi iliyo mbali. Kwa hiyo afya ya mto hutegemea maelfu ya maamuzi ya watu ambao wazazi wao waliuziwa wazo la hifadhi kwa namna iliyowaudhi.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2012, wakati jimbo lilipotoa kibali kwa shamba la nguruwe 6,500 karibu na kijiji cha Mount Judea, kandokando ya kijito cha Big Creek, ambacho huingia Buffalo. Samadi yake ilimwagwa mashambani kama mbolea. Watetezi wa mto walishtuka. Walioanzisha shamba, kwa upande wao, walikuwa familia za hapo, wenye kibali halali, wakifanya kazi waliyoijua. Ugomvi ulidumu miaka saba, katika ofisi na mahakamani. Mwaka 2019 gavana Asa Hutchinson alitangaza mapatano: wenye shamba walilipwa dola milioni 6.2, shamba likafungwa, na mkataba wa kulinda ardhi hiyo ukawekwa. Mapatano hayo yanastahili kuangaliwa. Mwenye shamba hakufukuzwa wala hakuitwa mhalifu. Alilipwa, na ardhi ikabaki yake chini ya masharti.

Kabla ya hapo, mwaka 2016, serikali ya jimbo ilikuwa imeunda kamati ya idara zake ili kutafuta njia za hiari za kuboresha maji: kutengeneza barabara za changarawe zinazomwaga udongo mitoni, kuzuia ng'ombe wasibomoe kingo, kupanda miti kandokando ya vijito. Njia hizo ni za polepole. Lakini mwenye shamba huzikubali kwa urahisi zaidi, maana zinamwacha pale alipo.

7. Kovu la mwaka 2023

Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani amepoa. Mwaka 2023 lilijitokeza wazo la kubadili hadhi ya Buffalo ili uwe na jina la hifadhi kubwa zaidi, kwa lengo la kuvuta watalii na fedha. Mto ulikuwa tayari ukipokea wageni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mwezi wa Oktoba mamia ya watu walikusanyika katika mji mdogo wa Jasper kulipinga wazo hilo. Hakuna ardhi iliyokuwa imetwaliwa, wala hakuna mswada uliokuwa umefikishwa Bungeni. Wengi waliosema hawakuwa wamefikia utu uzima mwaka 1972, na baadhi hawakuwa hata wamezaliwa. Hata hivyo walisema kana kwamba ni wao waliofukuzwa.

Mtazamaji wa nje angeweza kuwaita watu hao maadui wa mto. Angekosea. Wengi wao huvua katika mto huo, huogelea humo, hubatizwa humo. Walichokipinga si ulinzi wa maji. Ni ile njia ambayo kwa hiyo ulinzi ulifika kwao mara ya kwanza, ukiwa umekwisha kuamuliwa na watu wengine.

8. Hitimisho

Mambo matatu yanatokana na historia hii. La kwanza ni kwamba mwenye shamba la ukingoni hana msimamo mmoja wa kudumu kuhusu hifadhi. Alipinga bwawa mwaka 1965 pamoja na wahifadhi. Alipinga hifadhi mwaka 1971 dhidi yao. Alitia sahihi mikataba ya Boxley baada ya 1985. Aliyafikia mapatano mwaka 2019. Msimamo wake hufuata swali moja: je, atabaki?

La pili ni kwamba kulinda ukingo kwa kuwaondoa wenyeji huweza kuleta ushindi wa haraka na deni la muda mrefu. Bila ya sheria ya 1972, inawezekana sana kwamba kingo za Buffalo zingejaa nyumba za starehe na maegesho. Hilo lazima likubaliwe, na wapo wenyeji wanaolikubali. Lakini asilimia 11 ya bonde ililindwa kwa gharama ya imani ya wale wanaoshika sehemu kubwa ya asilimia 89 iliyobaki, na mto hunywa kutoka sehemu zote mbili.

La tatu linahusu lugha. Sheria ilizungumza na wenye ardhi, ikawalipa kwa hekta. Haikuwa na neno la kuwaita wenyeji, kwa hiyo haikujua ni nini ilichokuwa ikikichukua. Kiswahili kina maneno yote mawili. Atakayeandika kanuni za kulinda mto kwa lugha hii, popote pale, hatakuwa na udhuru wa kutoitambua tofauti.